Usimwambie mtu azime jiko bila kumwambia atapata wapi joto

Ni ule msimu ambao Nairobi huvaa sweta mbili na kulalamika kuanzia asubuhi hadi usiku. Jua limejificha. Kwenye matatu madirisha yote yamefungwa na hakuna anayethubutu kuyagusa. Muuza mitumba wa Gikomba aliyekuwa akikubembeleza mwezi wa Machi uchukue jaketi kwa mia mbili, sasa anakutajia mia nane na hata hakuangalii usoni. Mtandaoni ni vichekesho tu: kuoga ni kwa hiari, kila asiye na mpenzi anatafuta "blanketi lenye miguu", na wa Limuru wanatuma picha za ukungu kama ushahidi wa mateso.

Vichekesho ni sawa, bila hivyo tungeshindwa kuishi huu mji. Lakini kuna habari nyingine ambayo hurudi kila mwaka msimu huu, na haichekeshi. Majirani wanaona mlango haujafunguliwa mpaka saa nne. Wanabisha. Wanaita keretaka, wanavunja. Ndani wanakuta watu wamelala kama watu wanaolala kawaida, na kando ya kitanda kuna jiko lenye majivu.

Halafu sisi wa simu tunaingia kwenye maoni. "Si waliambiwa?" "Ujinga unaua." "Kwani hawakusikia onyo?"

Wacha tuanzie hapo kwenye onyo. Mimi naamini wengi wao walilisikia. Kila mwaka linatolewa, kila mwaka redio zinalisoma. Mtu akisikia onyo na bado awashe jiko, kabla ya kumwita mjinga tujiulize alikuwa na njia gani nyingine ya kupata joto usiku ule.

Hii baridi ni ya kweli

Kwanza tumalize ubishi wa kama baridi yetu ni baridi.

Tuna ndugu na binamu zetu walio Minnesota, Boston na Leeds ambao kila Julai huingia kwenye grupu la familia kutucheka. "Nyuzi 12 na mmevaa glavu? Nyinyi mngekufa huku." Ni kweli huko kuna baridi. Minneapolis, mji wenye Wakenya wengi, wastani wa Januari ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Lakini siku nyingine binamu akikucheka, muulize swali moja tu: ndani ya nyumba yako ni nyuzi ngapi? Atakuambia 20 au 21, na kwamba yuko sebuleni amevaa fulana.

Sasa angalia wewe uliye Githurai, Kangemi au Uthiru. Usiku wa Julai, Nairobi hushuka kwa wastani hadi nyuzi 11 au 12 za selsiasi. Limuru, Kinangop na Nyahururu hushuka zaidi, chini ya 10. Chumba chako kina ukuta wa mawe usio na kitu ndani yake, sakafu ya simiti, na mara nyingi paa la mabati bila dari. Hakina hita. Joto pekee lililo humo ni lako, la mnayelala naye na la sufuria ya ugali iliyoepuliwa saa mbili usiku. Ikifika saa tisa alfajiri, tofauti ya ndani na nje ni ndogo sana. Binamu hupita kwenye baridi akienda kwa gari lake. Wewe unalala ndani ya baridi.

Na si mambo ya kujidekeza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai jua huwa kaskazini mwa ikweta, na upepo wa kusini-mashariki unatuletea hewa baridi yenye unyevu kutoka upande wa dunia ulio katika kipupwe. Hewa hiyo ikipanda nyanda za juu hugeuka wingu zito la chini linalokaa juu ya Nairobi na eneo la Kati siku nzima. Ndiyo maana kuna siku joto la mchana halifiki nyuzi 18. Nyumba haipati jua mchana, kwa hivyo usiku haina joto lolote la akiba. Wa Mombasa wanaotucheka, ambao usiku wao wa Julai hukaa nyuzi 20 na ushei, wakija huku kwa wiki moja wao ndio wa kwanza kuuliza blanketi la pili liko wapi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa makazi na afya mwaka wa 2018. Humo lilipendekeza nyuzi 18 kama kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba wakati wa baridi, kwa nchi zenye hali ya hewa ya wastani au ya baridi. Ni kweli mwongozo huo haukuandikwa ukifikiria Kawangware. Lakini mapafu ya mtoto wa miezi minne hayajui kama yako Kawangware au Leeds.

Kuna utafiti mwingine ambao kila anayesema "Afrika hakuna baridi" anafaa kuusikia. Mwaka wa 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13, zikiwemo Brazil na Thailand ambazo si nchi za theluji. Vifo vilivyohusishwa na baridi vilikuwa asilimia 7.29, na vya joto kali asilimia 0.42. Na sehemu kubwa ya hivyo vya baridi haikuletwa na zile siku za kugandisha maji. Ilitokana na baridi ya kadiri, ile inayokaa siku nyingi, inayobana mishipa ya damu na kusumbua moyo na mapafu polepole. Kati ya nchi hizo 13, hakuna hata moja ya Afrika. Hatukuhesabiwa, basi tukajidanganya kwamba hatuguswi.

Moto wa nyanya na moto wa bedsita

Siku moja ukipita Karen, Muthaiga au kwenye mashamba ya chai ya Limuru, angalia mapaa ya nyumba za zamani. Utaona dohani. Wazungu waliojenga huko enzi za ukoloni walijua vizuri kwamba hapa kuna baridi, wakaweka mahali pa kuwashia moto sebuleni na njia ya kutoa moshi juu. Mpaka leo nyumba hizo zikitangazwa kwa kodi, hiyo sehemu ya moto hutajwa kama sifa.

Na kabla yao, babu zetu wa nyanda za juu walijua pia. Nyumba ya jadi ya Mkikuyu ilikuwa na mafiga matatu katikati na moto ulilala umewaka. Watu walilala humo humo. Paa lilikuwa la nyasi, moshi ulipenya juu, hewa iliingia kwenye nafasi za ukuta. Moshi ule haukuwa mzuri kwa macho wala kifua, tusiupambe. Lakini nyumba ilipumua.

Kwa hivyo nyanya akikuambia "sisi tulilala na moto na hatukufa," hasemi uongo. Alilala na moto katika nyumba iliyojengwa ikiujua moto. Sisi tumerithi moto wake tukauingiza katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye mlango wa chuma na dirisha moja.

Na bado tunakiziba zaidi. Juu ya dirisha la vyumba vingi vya kupanga kuna matundu ya hewa. Julai ikifika tunayajaza magazeti, katoni na mifuko. Chini ya mlango tunakunja tambara. Anayekaa nyumba ya mabati anabandika maboksi ndani ya ukuta mzima. Ukimtazama mtu akifanya hivyo unaona akili, si ujinga: anazuia joto lisitoke, kama vile fundi wa Ulaya anavyoziba nyufa za madirisha. Hatari inakuja pale chumba kilichozibwa vizuri hivyo kinapoletewa makaa.

Wacha nieleze kinachotokea, kwa sababu "jiko lina gesi mbaya" ni maelezo ya mtoto wa darasa la pili. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikukerekeshi koo. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka kama kawaida lakini haina mzigo. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Ukiwa macho unaweza kushtuka. Ukiwa umelala hushtuki, unazama tu kwenye usingizi mzito zaidi.

Mtaani kuna mbinu tatu ambazo watu huziamini, na zote tatu zina makosa.

Ya kwanza ni kuwashia jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo liingizwe ndani. Moshi ukiisha kinachoondoka ni kile kinachowasha macho. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi kwa wingi. Tofauti ni kwamba sasa huna tena dalili ya kukutahadharisha.

Ya pili ni sufuria ya maji kando ya jiko "inyonye gesi". Gesi hii haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maji yako yatapata vuguvugu, basi.

Ya tatu ni kuacha dirisha wazi kidogo. Ni afadhali kuliko kufunga kabisa, lakini usiku hakuna anayekuhakikishia kwamba ule ufa unatosha, ama kwamba upepo hautausukuma mlango. Ukilala na jiko, umeweka maisha yako mikononi mwa upepo.

Na kabla mwenye meko ya gesi hajajipiga kifua: kuwasha gesi ya kupikia kwa masaa ili chumba kipate joto kunakula oksijeni ile ile, na ikiungua vibaya inatoa sumu ile ile. Ongeza hatari ya moto chumba kizima kikiwa na blanketi na mapazia.

Onyo linaambia nani nini?

Sasa turudi kwenye onyo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Juni, Julai na Agosti mapema, na inatoa tahadhari baridi inapozidi. Inataja kaunti: Nairobi, Kiambu, Nyandarua, Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na nyinginezo. Inawaambia watu wavae nguo nzito na waepuke jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wanasayansi wetu wanafanya kazi yao, na kazi hiyo ni nzuri.

Lakini lipime onyo hilo kwa macho ya mama aliye na mtoto mchanga katika chumba cha mabati. Vaa vizuri: amevaa kila alichonacho. Usiwashe jiko: sawa, halafu? Onyo linafika mlangoni pake, linamnyang'anya njia moja aliyo nayo, linaondoka. Hiyo ni nusu ya onyo.

Wenzetu wa nchi za baridi walijifunza hili kwa gharama kubwa. Uingereza, kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, taasisi ya usalama wa afya na idara yao ya hali ya hewa hutoa tahadhari za rangi: manjano, kaharabu, nyekundu. Rangi hizo hazisemi tu thermometa imefika wapi. Zinasema madhara yatakuwaje kwa afya ya watu na kwa hospitali, na kila rangi ina orodha ya kazi: hospitali ifanye hivi, serikali ya mtaa ifanye vile, anayetunza wazee apige simu au abishe mlango. Halafu kuna pesa. Mtu anayepokea misaada fulani ya serikali, eneo lake likikaa wastani wa sifuri au chini kwa siku saba mfululizo, hulipwa pauni 25.

Sisemi Uingereza ni peponi. Mwaka wa 2024 serikali yao iliondolea mamilioni ya wastaafu ruzuku ya kuwashia hita, kelele zikawa nyingi hadi mwaka wa 2025 ikarudishia wengi wao. Na Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili alikufa huko Rochdale kwa sababu ya kuvu lililojaa katika nyumba yenye unyevu ambayo wazazi walikuwa wameilalamikia kwa muda mrefu. Lakini ona kilichofuata: mwaka wa 2023 bunge lilipitisha sheria ya kumlazimisha mwenye nyumba za kijamii kurekebisha hatari kama hiyo ndani ya muda uliowekwa. Kifo kile hakikuishia kwenye "si wangefungua dirisha".

New York nayo inamshika mwenye nyumba moja kwa moja. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mchana nje ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, ndani lazima iwe angalau nyuzi 20. Usiku isipungue 17 hivi, nje iwe vipi. Mpangaji akikosa joto anapiga simu kwa jiji, na jiji linamfuata landilodi.

Na kama bado unadhani kuingiza moto ndani ni ujinga wa watu wa mtaa, kumbuka Texas Februari 2021. Dhoruba ya baridi iliangusha mfumo wa stima, mamilioni wakabaki gizani katika jimbo tajiri la nchi tajiri. Hesabu rasmi ya waliokufa ilifika 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Wengine waliuawa na kaboni monoksidi, kwa sababu watu waliingiza majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba, wakawasha jenereta karibu na mlango, wakaketi kwenye magari yenye injini ikinguruma ndani ya gereji. Watu wenye digrii, magari na bima. Walipokosa joto usiku mmoja au mawili walifanya yale yale ya Kangemi. Baridi haikuulizi ulisoma hadi wapi.

Mwambie mtu cha kufanya

Kama nimesema onyo bila njia ni nusu, basi sina ruhusa ya kumaliza bila kutaja njia.

Tuanze na hesabu ya hita. Sikumaliza chuo, lakini hii haihitaji digrii. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nne kwa usiku inakula yuniti nane. Weka yuniti moja shilingi 28 hivi, hiyo ni shilingi 224 kwa usiku, karibu 6,700 kwa mwezi. Kuna watu kodi yao yote ya nyumba ni hiyo. Ndiyo maana nikisikia mshauri wa redioni akisema "tumieni hita za stima badala ya makaa", najua hajanunua tokeni za hamsini hamsini hata siku moja. Na kwenye ploti yenye nyaya za kuunganisha-unganisha, hita hiyo inaweza kuleta moto wa aina nyingine.

Sasa birika la stima. Kuchemsha lita moja na nusu kunakula takriban sehemu ya saba ya yuniti, yaani shilingi nne au tano. Mimina kwenye ile chupa ya mpira ya maji moto, yakiwa yamepoa kidogo baada ya kuchemka, toa hewa, funga kabisa, ifunge kwa kitambaa na uiweke miguuni ndani ya blanketi. Iangalie kama haijapasuka kabla ya kutumia, na kwa mtoto mchanga pasha kitanda nayo kisha uitoe kabla hajalala. Huu si ufukara. Japani, nchi ya magari na roboti, familia nyingi huketi karibu na kotatsu, meza fupi yenye hita chini na blanketi juu, kwa sababu nyumba nyingi huko hazipashwi joto zote. Wanapasha mtu, si chumba. Sisi tunaojaribu kupasha chumba kizima kwa mkebe wa makaa ndio tunaofanya kazi ngumu.

Kuna mengine ya bei ndogo. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hivyo kama unalala na godoro sakafuni weka katoni tambarare au mkeka chini yake. Nguo mbili nyepesi juu ya nyingine zinashinda moja nzito. Soksi na mavin kichwani si za barabarani pekee, lala nazo. Kula kabla ya kulala, hata uji, kwa sababu mwili unahitaji kuni zake. Ziba nyufa za chini ya mlango kama hakuna moto ndani, lakini yale matundu ya juu yaache, maana unyevu wa pumzi usipotoka unageuka kuvu kwenye ukuta na kikohozi kifuani.

Kama lazima upike kwa makaa, pika mlango ukiwa wazi, halafu jiko litoke nje kabla hujafunga. Litoke lote, hata kama "yamebaki majivu tu". Na mtu akipatikana amelegea chumba kikiwa na jiko: fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa haraka, mpeleke hospitali na umwambie daktari kabisa kwamba jiko lilikuwa ndani. Dalili zake zinafanana na homa, malaria na hata ulevi, na daktari asiyeambiwa atatafuta kitu kingine wakati mgonjwa anahitaji oksijeni.

Wanaofaa kusikia si wapangaji peke yao

Tunaoishi bedsita tuna jukumu letu, lakini tumechoka kuwa watu pekee wanaopewa mawaidha.

Idara ya Utabiri ishukiwe kwa lugha tunayozungumza. Tahadhari ya kurasa kadhaa kwa Kiingereza yenye ramani haifiki kwa soja wa usiku. Idara ina wakurugenzi katika kaunti, na Kangema huko Murang'a ilisaidia kuanzisha redio ya jamii ya kutangaza mambo haya kwa lugha ya wenyeji. Kwa hivyo inawezekana. Tengenezeni sauti ya sekunde 40 kwa Kiswahili, Kikuyu na Sheng ambayo itasambaa kwenye magrupu ya ploti. Iseme usiku wa leo ni nyuzi ngapi, nani yuko hatarini zaidi, na afanye nini.

Kaunti nazo zina wahudumu wa afya wa kijamii wanaojua nani amejifungua juzi na mzee gani anaishi peke yake. Onyo likitoka, hao ndio wa kubisha milango. Blanketi na chupa ya maji moto kwa mama aliyejifungua Juni ni gharama ndogo kuliko kitanda cha nimonia.

Mabosi, mmemweka soja kwenye kibanda cha mabati saa kumi na mbili usiku mzima, halafu mnashangaa akiingiza makaa kwenye mkebe. Mpe koti zito, thamosi ya chai na zamu inayompa nafasi ya kukaa ndani kidogo. Asipopewa, ataingiza makaa. Wewe pia ungeingiza.

Na landilodi. Kila mkataba wa nyumba ambao nimewahi kutia sahihi ulitaja tarehe ya kodi, deposti, rangi ya ukuta wakati wa kuhama na faini ya kuchelewa. Hakuna uliotaja dirisha linalofunga vizuri. Sidai mtuwekee mifumo ya hita kama ya New York. Dari chini ya mabati, dirisha lisilo na kioo kilichovunjika, mlango unaogusa sakafu, na sehemu ya kupikia iliyo na njia yake ya kutoa hewa: hayo ni mambo ya fundi wa mtaa. Nairobi inajenga maghorofa kila wiki, ya bei nafuu na ya bei ghali, na bado tunayajenga kana kwamba tuko Malindi. Mzungu wa miaka ya ukoloni alikubali kwamba Limuru kuna baridi. Sisi tuliozaliwa hapa bado tunaifanyia mzaha.

Nasikia tayari mtu akisema nchi ina shida kubwa kuliko hii: mafuriko, bei ya unga, vijana bila kazi. Ni kweli, na anayezikabili zote hizo ndiye huyo huyo anayelala kwenye chumba cha nyuzi 14. Shida hazipangi foleni.

Basi endelea kutuma vichekesho vya Julai. Lakini leo jioni, kabla hujafunga mlango, angalia veranda ya ploti yenu. Ukiona jiko la jirani likiwaka nje na mlango wake ukiwa nusu wazi, usipite ukitikisa kichwa. Muulize kama ana blanketi la kutosha. Kama hana na wewe una la ziada, hilo ni onyo kamili kuliko lolote nililoandika hapa.